Kocha wa rede

Wadau, nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Shinyanga wiki mbili, na huko nimegeuka kocha wa besiboli. Msicheke.

Chanzo ni wapwa zangu. Niliwasimulia kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya Little League kule Marekani, timu ya kwanza kutoka Afrika. Wakataka tucheze siku hiyo hiyo. Nyuma ya nyumba kuna uwazi. Watoto wa Little League hukimbia mita 18 hivi toka kituo hadi kituo, basi nikapiga hatua 18, nikaweka kandambili. Umbo lile Wamarekani wanaliita almasi, nikawaambia Mwadui imetufuata. Mpira ni soksi iliyojazwa matambara, gongo ni mpini wa jembe.

Mpwa wangu wa kiume, miaka 14, ana mbio kuliko wote mtaani, lakini kila mara anatolewa. Anakimbia kainamisha kichwa. Akikaribia kituo cha kwanza anapunguza mwendo, wakati pale sheria inaruhusu kupitiliza, mradi urudi moja kwa moja. Cha pili na cha tatu hairuhusu, na ndipo anapopitiliza kama basi lililokatika breki. Mpira ukidakwa hewani, anasahau kurudi kugusa kituo alichotoka.

Dada yake, miaka 12, hana mbio hizo. Lakini karibu kila mara anazunguka vituo vyote na kufika nyumbani, pale pa kugongea. Nikamuuliza anafanyaje.

"Mjomba, mpira ukishatoka mkononi umechelewa. Mimi namwangalia anayerusha, bega lake linaelekea wapi."

Umejifunza wapi?

Akanishangaa. "Si kwenye rede?"

Kweli bwana! Kwenye rede uko katikati, warushaji wawili huku na huku, unajaza mchanga kwenye chupa na kukwepa. Mbio tupu hazijazi chupa. Unachagua lini uiname, lini uruke. Mkimbiaji aliyebanwa kati ya vituo viwili naye anapona hivyo hivyo. Kesho yake nikawaingiza wavulana wote kwenye rede. Wakanung'unika, eti mchezo wa wasichana. Siku ya tatu mpwa wangu akaanza kuinua kichwa.

Jioni ya mwisho tuko sare, binti yupo kituo cha tatu. Dada akaita toka jikoni: maji yameisha, chukua ndoo. Binti akaanza kuondoka bila neno. Kaka yake amekaa chini anasubiri zamu ya kugonga, hakuna aliyemwita. Hapo ndipo nikashtuka. Wiki mbili nzima mchezaji wangu bora alikuwa akiitwa katikati ya mchezo, na mimi kocha naingiza mtu mwingine tu, naendelea.

Nikamwambia asitoke kwenye kituo. Ndoo tukachukua mimi na kaka yake.

Tuko bombani tukasikia kelele. Kafika nyumbani.

Dada kaninunia, anasema namharibia mtoto. Tutaongea. Nyie mliocheza rede, nani aliwaita mkaache chupa nusu?