Grifini wa Butimba

Ndugu msomaji, naomba nikiri mbele yako: kwa miaka miwili niliandika riwaya ya mnyama ambaye sijawahi hata kumwota usingizini.

Nilimkuta hapa hapa Butimba, kwenye kibanda cha kuchapia barua. Mwenyewe alikuwa na kompyuta ya mtumba, na jioni wateja wakiisha alituruhusu vijana kucheza gemu kwa shilingi mia tano. Gemu lenyewe la zamani, Heroes of Might and Magic III, lilitoka mwaka 1999, ila kwetu sisi lilikuwa jipya. Humo ndani yumo grifini: kichwa na mbawa za tai, kiwiliwili cha simba. Askari wengi wa gemu hilo wakipigwa hujibu mara moja tu kwa kila zamu. Grifini hujibu mara mbili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kusikitisha, kazi sina, nyumbani nasemwa asubuhi na jioni. Nani katika hali ile asingetaka kujibu mara mbili?

Basi nikajaza kauntabuku tatu. Grifini wangu aliishi kwenye ngome yenye theluji, akilinda dhahabu. Hilo la dhahabu sikulibuni. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba zilivuma habari za grifini wa kaskazini ya mbali wanaolinda dhahabu, na watu wa jicho moja wanaowaibia. Nilipolijua hilo nikajiona nimeshakuwa mwandishi.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mdogo wangu. Alisoma kurasa kama kumi hivi, akafunga daftari. "Kaka, hawa watu wako mbona hawali dagaa? Na hii theluji umeiona wapi?" Nikamfokea vibaya. Lakini usiku usingizi ulikataa. Dhahabu tunayo Geita, ukishavuka Busisi tu, halafu mimi nimekwenda kuilinda Ulaya!

Nikaanza kumtafuta grifini aliye jirani, na nusura nimpate. Marco Polo wa Venice alisimulia safari zake akiwa kifungoni Genoa, mwaka 1298. (Sisi tunaokaa jirani na gereza jambo hilo linatugusa.) Katika kitabu hicho anataja Zanzibar na Madagaska, sehemu ambazo hakufika bali alisikia habari zake. Anasema visiwa vya kusini mwa Madagaska vina ndege ambaye wenzake wa Ulaya wangemwita grifini. Ila waliodai kumwona walimsahihisha: si nusu simba wala nusu ndege, ni tai mtupu, mkubwa mno, anayenyanyua tembo na kumwangusha chini apasuke. Jina lake Rukh. Ndiye yule yule wa safari za Sindbad katika Alfu Lela u Lela. Na kweli Madagaska aliishi ndege mkubwa asiyeruka, aliyekwisha kutoweka, ambaye yai lake lilizidi sentimita 30 kwa urefu. Wapo wataalamu wanaodhani mayai yale ndiyo yaliyokuza hadithi.

Nilifurahi sana. Kumbe hata grifini alipofika bahari yetu alikuta watu wenye la kusema juu yake!

Jioni ile nikamfuata bibi, mzaa baba, aliyekuwa akikaa nasi. Alikuwa uani anachambua dagaa kwenye kiroba. Nikamweleza habari za grifini. Akauliza, "Anameza watu?"

"Hapana bibi, anararua."

"Basi siye."

Nikamleta Rukh, anayebeba tembo. "Huyo naye siye, mjukuu wangu," akasema, akacheka mpaka akaweka dagaa chini. Kumbe alikuwa ananipitisha ndani ya hadithi nami sijui.

Ndipo akanisimulia habari za Masala Kulangwa, ambazo Wasukuma wengi wamelelewa nazo, na mimi niliwahi kuzisikia vipande vipande tu. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akauliza watu wako wapi. Alipojibiwa, akaenda kuwinda. Akaleta panzi: "Mama, ndiye huyu?" Siye. Akaleta ndege. Siye. Akaleta swala. Siye. Hadi siku alipoliua lenyewe, akalipasua, na watu wakatoka wazima. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Kizee akakasirika, akataka kumroga aliyemwokoa, na kijana ikambidi atafute dawa ya lile sikio. Baadaye watu wakamfanya ntemi.

Sikuandika hata neno. Nilijua bibi yupo, nitamuuliza tena. Mwezi uliofuata bibi akapata kiharusi, akapoteza kauli.

Nyumbani nina kauntabuku tatu za grifini, na za Shing'weng'we ukurasa mmoja na nusu, niliouandika kwa kukumbuka. Nimeuandika kwa Kiswahili. Maneno ya Kisukuma aliyokuwa akiyaimba katikati yamenitoka. Juzi nilikaa kitandani pake nikamsomea. Nilipomaliza nikamuuliza, "Bibi, ndiye huyu?" Hakuweza kusema ndiye wala siye. Aliinua mkono wake mzima taratibu, akashika sikio.

Sikuelewa kama ananitania, au ananionyesha nilichokata. Nadhani yote mawili.

Mwenzangu unayeandika, sikuambii uache gemu. Mimi bado naenda kibandani, na grifini bado nampenda. Ila kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua hadithi, nenda leo, na daftari uende nalo. Mimi sasa nazunguka kwa wazee wa mtaani nikitafuta yale maneno ya wimbo. Ninayopata naenda kumwimbia bibi, nikimtazama usoni.