Nimelala Garini Chini ya Mlima wa Mungu

Haya wadau, nimerudi. Mliodhani nimeacha uandishi na kufungua genge Tandika, poleni. Nilikuwa kaskazini, huko ambako simu inabaki kuwa tochi tu.

Ilikuwa hivi. Nilivuka kwenda Kigamboni kutafuta makala ya Jumapili, nikawakuta Wajerumani wawili, mzee na mkewe, wastaafu, wameegesha lori lao pembeni ya bahari. Nasema lori kwa sababu ni lori kweli. Mbele kabini, nyuma wamejenga nyumba: kitanda, jiko la gesi, choo, tangi la maji, sola juu ya paa. Walilipakia melini hadi Afrika Kusini, wakapanda nalo kupitia Namibia, Botswana na Zambia, wakaingia kwetu kwa mpaka wa Tunduma. Sasa walitaka kwenda Ziwa Natron na walihitaji mtu wa kuwasaidia Kiswahili njiani. Nikakubali kabla hata mhariri hajanipa ruhusa.

Chalinze, Segera, Moshi na Arusha mnazijua, sitawachosha. Safari yenyewe ilianza Mto wa Mbu, tulipokata kulia. Tukaipita Selela, kisha Engaruka (ndiyo, ile ya mifereji ya kale tuliyokariri kwenye somo la historia), na baada ya hapo ni vumbi, makorongo na mawe meusi ya volkano. Tulikwenda mwendo wa baiskeli, vikombe vinagongana kabatini. Katikati ya nyika tukamkuta kijana wa Kimaasai na mbuzi wake. "Sopai!" nikamsalimu, najifanya mwenyeji. "Epa," akajibu, halafu akaniuliza kwa Kiswahili safi kama garini kuna pa kuchajia simu. Palikuwepo. Tukachaji, tukaongea.

Mbele yetu ukasimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai. Unakaribia mita 3,000 na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava kama yake: inatoka nyeusi, nyepesi kama uji, ikipoa inageuka nyeupe. Mwaka 2007 ulilipuka na kumwaga majivu. Ng'ambo yake ndilo Ziwa Natron, maji ya magadi makali ambayo viumbe wengi hawayawezi, lakini heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia humo. Na karibu na kijiji cha Engaresero kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyoganda. Wataalamu wanakadiria zina umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Nyayo za vidole vitano, kama zako na zangu.

Kilomita chache kabla ya kijiji tukapata pancha. Mzee akatoa jeki, nami nikajikuta nimeshalala chini ya gari, naitisha spana kwa namba zake. Akanitazama kwa mshangao. "Umejifunzia wapi?"

Hapo ndipo aibu iliponishika, jamani. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kwa zaidi ya miaka ishirini. Likizo za shule nilikuwa utingo wake. Alilala kabini, alipikia kwenye jiko la mafuta ya taa chini ya tela, alioga kwa galoni, na alisubiri foleni Tunduma siku nne, tano. Nilipofika Mlimani, wenzangu wakiniuliza baba anafanya kazi gani, nilijibu: "Yuko kwenye usafirishaji." Nikiacha wajaze wenyewe.

Sasa mimi huyo huyo nilikuwa nimekwisha andika kwenye daftari kwamba Wajerumani wale ni "wajasiri waliochagua uhuru wa barabara". Lori ni lile lile. Mpaka ni ule ule wa Tunduma. Mmoja anaandikiwa makala ya Jumapili, mwingine mwanawe anamficha.

Nikamjibu mzee ukweli. Usiku ule sikulala mapema. Nilisikiliza fisi kwa mbali, nikamfikiria baba peke yake Kitonga, bila paneli ya sola wala mke wa kuongea naye.

Niliporudi Temeke nilimkuta barazani, mgongo unamsumbua kama kawaida. Nikamwonyesha picha za lori. Hakuuliza habari za mlima wala heroe. Aliuliza, "Spea tairi walibeba ngapi?" Mbili, nikasema. Akatikisa kichwa, "Hao wanajua safari." Kisha akaanza kusimulia usiku aliokatikiwa breki, na wali ukapoa mbele yetu.

Makala ya Wajerumani nimeiandika, mhariri anayo. Hiyo ya baba ndiyo naanza kuiandika leo. Na mkiniuliza anafanya nini, wadau, alikuwa dereva wa lori.