Wanachuo Wanaopita Mloka Bila Kuiona

Kila vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, mabasi ya wanafunzi hupita hapa kijijini kwetu Mloka yakielekea lango la Mtemere, mlango wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hutoka Dar es Salaam, Morogoro, hata Dodoma. Vijana hushuka wamechoka kwa vumbi la njia ya Kibiti na Mkongo, hutawadha msikitini kwetu, husali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya kama wasafiri, huuliza maji baridi yanauzwa wapi, kisha huondoka. Siku moja tulimwuliza kijana mmoja aliyekuwa akifunga kamba za viatu barazani wamekwenda wapi na wapi. Akajibu kwa adabu: “Mtemere, shekhe, na Inshaallah kesho tutafika bwawani.” Mloka hakuitaja, ilhali alikuwa ameikalia.

Hatuandiki haya kwa kulalamika. Wageni hao wana kheri nyingi: wenye boti, wenye vibanda vya chakula na vijana wetu wanaoongoza watalii hupata riziki kwao. Wala hatusemi kwamba tembo na viboko hawastahili kutazamwa. Hifadhi hiyo, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019, ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa barani Afrika, na ada anayotozwa Mtanzania ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni wa nje. Bwawa la Julius Nyerere nalo, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, mwanafunzi wa uhandisi asiyelitamani tungemshangaa. Tunasema tu kwamba baina ya lango na bwawa kuna bonde na watu wake, na kwamba mwanachuo aliyepita hapa bila kuliona bonde amelipa nauli ya kwenda na kurudi akaacha kilicho bora.

Kilicho bora ni mlao. Neno hili msomaji wa mjini huenda halijui, na hata baadhi ya watoto wetu sasa hulisikia kwa nadra. Mto Rufiji hufurika aghalabu baina ya Machi na Mei, maji yakatandaa bondeni na kuacha tope jipya. Yanaporudi nyuma, mkulima huyafuata. Hupanda mahindi na kunde katika udongo uliolowa, wakati masika yamekwisha na mkulima wa nyanda za juu ameshaweka jembe lake pembeni. Mmea hunywa unyevu uliobaki chini, hukua pasipo mvua, na huvunwa katika miezi ambayo wengine hawana kitu shambani. Huo ndio mlao. Na mpunga uliopandwa kabla ya mafuriko hukimbizana na maji: yakija mapema huuzamisha, yakichelewa hukauka, yakija kwa kiasi chake hupanda pamoja nayo. Mzee wa Kirufiji huyapima haya kwa rangi ya maji na kwa hali ya mabwawa ya kando ya mto yanavyojaa, wala hana karatasi.

Mwaka jana wanafunzi wanne walikubali kukaa siku mbili zaidi baada ya wenzao kuondoka. Tuliwapeleka kwa mzee mmoja wa jamaa yetu, mtu mzima sana. Binti mmoja miongoni mwao, anayesomea mazingira, alisalimu kwa kuinama:

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Karibu kitako.”

“Babu, tumekuja kuuliza habari za maafa ya mafuriko.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Maafa yapi? Uliza kwanza mwaka ambao mto haukuja. Mto usipokuja, hakuna mlao, na mabwawa hayapati samaki. Sisi njaa zetu kubwa zina majina, na nyingine zilikuja na jua.”

Binti alifungua daftari lake na hakulifunga mpaka Magharibi. Kesho yake walishuka mashambani wakaonyeshwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambacho mkulima hulala humo kulinda mazao. Mmoja wao alidhani ni cha watalii. Hilo tulilisamehe, kwa kuwa hoteli za kando ya mto zimejenga vya kufanana navyo.

Dungu lina historia yake. Zamani watu wengi waliishi bondeni humo humo, karibu na mashamba. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamishia watu kwenye nyanda za juu katika vijiji vya ujamaa. Shule, zahanati na barabara vikawa juu, mashamba yenye rutuba yakabaki chini. Tangu hapo familia nyingi zina nyumba mbili: ya kijijini na ya shambani, na kwa miezi kadhaa ya mwaka mama na watoto hulala dunguni wakiwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe na viboko usiku. Mtoto aliye dunguni hayumo darasani. Siku hizi mwalimu mgeni akishangaa mahudhurio ya msimu wa mazao, jibu lake limo katika uamuzi wa zaidi ya nusu karne iliyopita. Na tembo tunaopigiwa picha Mtemere hawajui mpaka wa hifadhi. Wakivuka usiku, kazi ya msimu mzima huisha kabla ya Alfajiri. Mwanafunzi wa elimu, wa sheria, wa kilimo au wa wanyamapori, kila mmoja angepata hapa tasnifu nzima bila kwenda mbali na kisima cha msikiti.

Sasa tuwageukie vijana wetu wenyewe waliotoka Rufiji na Kibiti wakaenda vyuoni, kwani hao nao wana mahali pa kutembelea, na pako ndani ya chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina maktaba yenye sehemu iitwayo East Africana. Wanafunzi wengi huitumia maktaba kwa kusomea mtihani na kuchaji simu. Sehemu hiyo huijua kwa kusikia. Rufiji yetu imeandikwa sana. Ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi ya chuo hicho, iliyojulikana kwa jina la BRALUP, ilituma watu bondeni katika miaka ya 1970, wakati bwawa la Stiegler lilipokuwa likizungumzwa na Wanorwe wakifanya upembuzi wake. Audun Sandberg aliandika juu ya uchumi wa bonde. Bantje aliandika juu ya mafuriko na njaa za Rufiji. Kjell Havnevik alitoa kitabu kizima mwaka 1993. Karibu yote yako kwa Kiingereza, na waliohojiwa, ambao ni baba na babu zetu, hawakupata kuyasoma.

Binti wa hapa kijijini anayesoma mwaka wa pili Dar es Salaam tulimwomba ayatafute. Alitupigia simu akiwa amesimama baina ya rafu, sauti yake ikiwa ya chini kama aliye katika khutba. Likizo ilipofika alikuja na nakala, akaketi na babu yake, akamfasiria ukurasa kwa ukurasa. Mzee alisikiliza, mahali pengine akaitikia, mahali pengine akatikisa kichwa, na mwisho akaongeza mambo matatu ambayo mwandishi hakuyapata. Binti ameyaandika. Kwa rai yetu, huo ndio usomi: rafu ya chuo na baraza ya nyumbani kukutana katika daftari moja.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo hicho hicho ilianzisha utafiti wa vita vya Majimaji, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wakaenda vijijini kuwahoji wazee walioyashuhudia ya mwaka 1905. Gilbert Gwassa na John Iliffe ni miongoni mwa walioongoza kazi ile. Ngarambe, alikotokea Kinjikitile Ngwale, ipo huku huku kwetu Rufiji, na Mohoro aliponyongwa na Wajerumani ipo kusini mwa mto. Itikadi yake ya maji sisi kama Waislamu hatuifuati. Lakini damu iliyomwagika ni ya wazee wetu, na ushahidi wake tunao leo kwa sababu vijana wa miaka ishirini na kitu walikubali kutumia likizo yao vijijini. Wangengoja miaka kumi zaidi, wangekuta makaburi. Tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, imesomwa sana mashuleni. Wangapi katika walioisoma wamefika Ngarambe?

Yapo na mengine, tuyataje kwa haraka. Mwenye siku tatu avuke daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, aende Kilwa Kisiwani, akauone Msikiti Mkuu na mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. Mwenye kupenda bahari ashukie Nyamisati, Kibiti, akaitazame mikoko ya delta, ambayo boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na ambamo Wajerumani waliizamisha manowari yao Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Asiye na nauli kabisa aingie Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Maimamu wa Hadithi walitembea miji kwa miji kwa ajili ya riwaya moja. Nauli ya basi kutoka Mbagala isitutishe.

Kwa nini tunalisema hili sasa? Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na mto aliokuwa akiujua mzee si ule ule tena. Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba wenzetu wengi wa Rufiji na Kibiti; mashamba na nyumba zilizama, na sisi wa kamati tulikuwa miongoni mwa waliokusanya unga, nguo na mikeka. Palikuwa na mabishano makali: wengine wakisema ni mvua, wengine wakisema ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Hatuna vipimo vya kuhukumu. Tunachokijua ni kwamba katika mabishano yote yale, wazee walioweza kueleza mto ulivyokuwa ukija na kuondoka kabla ya bwawa walisikilizwa na wachache, na tangu wakati huo tumewazika wawili. Iwapo mlao utabaki, utapungua au utakufa, hapana budi awepo mtu aliyeandika ulivyokuwa, kwa Kiswahili, na kwa majina ya Kirufiji ya udongo, maji na samaki.

Kamati yetu imetenga kabati katika chumba cha madrasa. Mwanachuo yeyote, Mwislamu au asiye Mwislamu, atakayefanya utafiti hapa, tunamwomba atuachie nakala ya alichoandika, hata kama ni kurasa kumi. Hadi sasa kabati lina nakala za binti yule, daftari lake, na muhtasari mmoja uliotumwa na mwanafunzi wa Morogoro.

Anayetaka kuja aanze na barua ya chuo chake kwa ofisi ya kijiji, kisha aulize msikitini kwa katibu. Wasichana watalala kwa akina mama wa kamati, wavulana katika chumba cha wageni cha madrasa. Miezi mizuri ni kuanzia Juni mpaka Septemba, mlao ukiwa shambani. Aje na chandarua, tochi, viatu vya tope na daftari lenye jalada gumu. Chakula ni wali na perege, na siku mvuvi akikosa, ni wali na kunde.