Barua kutoka Bonga: programu inayosafiri kwa flashi

Mdogo wangu,

Wewe uko Dar, sisi huku Bonga baridi ya asubuhi inatuonea. Mama mwenye nyumba niliyofikia anakusalimu ingawa hakujui. Nilimwambia nina mdogo wangu fundi wa programu za kompyuta, akauliza kama unaweza kumtengenezea redio yake. Nimemjibu kwamba unaweza, kwa hiyo jiandae.

Barabara kwanza, maana najua utauliza. Kutoka Dodoma hadi Babati ni lami tupu, kilomita 251, tangu Rais Magufuli alipoizindua Aprili 2018. Wakati wa ujenzi waliigawa vipande: Dodoma hadi Mayamaya, Mayamaya hadi Mela, Mela hadi Bonga, kisha kilomita 19.2 za Bonga hadi Babati mjini. Jina la kata hii likaingia hivyo kwenye mikataba mikubwa. Ukishaiacha Kondoa na Kolo kwenye michoro ya miambani, unapanda miinuko ya Bereko, halafu unateremka hadi masikio yanaziba, na pale chini unakutana na mashamba ya mahindi na mbaazi. Kwenye kituo nilisikia Kirangi upande mmoja na Kigorowa upande mwingine, Kiswahili katikati kikifanya biashara.

Sasa ile programu yako ya kupanga matokeo ya wanafunzi. Nimeifikisha kwenye shule niliyokwambia, na mwalimu wa kompyuta (ambaye pia ni mwalimu wa fizikia, na nadhani wa michezo) ameipenda kwa maneno. Kwa vitendo imekuwa kazi. Kompyuta za pale zimetoka kwa wahisani mbalimbali, kila mmoja kwa wakati wake. Zote zinatumia mifumo huria, hakuna leseni iliyolipiwa, hilo ni jambo jema. Ila nyingine ni Ubuntu 20.04, nyingine Linux Mint, moja Fedora, na kwenye kona kuna vikongwe vya biti 32 vyenye Debian. Wewe ulinipa faili moja ya deb ukasema, "Bofya tu, kaka."

Nikabofya. Fedora haikuijua kabisa. Yenyewe inakula rpm. Vile vikongwe vikasema kifurushi ni cha amd64, yaani cha biti 64, na kweli ni hivyo. Kwenye Ubuntu kikaingia vizuri, mwalimu akasogeza kiti, nikafungua programu, haikufunguka. Nikaiita kupitia dirisha la amri, ikasema haioni GLIBC_2.34. Mwalimu akaniuliza kama hiyo GLIBC tunaweza kuipata Babati mjini.

Kosa hilo lina maelezo mafupi. Glibc ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea. Wewe uliijenga programu kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35. Zile Ubuntu za shule zina 2.31. Kilichojengwa kwenye toleo la zamani hukubali kwenye jipya, kinyume chake hakuna. Kwa hiyo, mdogo wangu, usijengee kwenye laptopu yako mpya unayoisifia. Jengea ndani ya mfumo mkongwe kuliko yote unaotaka kuuhudumia, hata kama ni ndani ya kontena. Na barabara yetu hii naitolea mfano mara moja tu: makandarasi walikuwa tofauti, lakini walipewa vipimo vimoja, ndiyo maana basi halijui limevuka kipande cha nani. Kwenye Linux kila mkandarasi ana vipimo vyake.

Najua utasema, "Kaka, nitatoa AppImage." Sawa, nami naipenda. Simon Peter alianza wazo hilo mwaka 2004 kwa jina la klik: programu nzima ndani ya faili moja, unaipa ruhusa ya kutekelezwa, unaibofya, haigusi mfumo wako. Kwa flashi hakuna kinachoishinda. Lakini AppImage nyingi zinahitaji libfuse2, na Ubuntu 22.04 haiji nayo. Atakayebofya ataona kimya kitupu, hata ujumbe wa kosa hakuna. Njia ya kupita ipo, unaongeza --appimage-extract-and-run kwenye amri, ila nani atamwambia mwalimu? Andika kwenye karatasi, kwa Kiswahili, uiweke kwenye flashi ileile.

Flatpak nayo ni nzuri, kwa mtu wa mjini. Inabeba mazingira yake yenyewe, kwa hiyo Fedora na Mint zinaipokea bila ugomvi. Tatizo ni mara ya kwanza: programu yako ni megabaiti chache, lakini inavuta nyuma yake mazingira ya GNOME au KDE, mamia ya megabaiti. Programu ya pili na ya tatu zinatumia yaleyale, zinakuwa nyepesi. Mwalimu hapa anaunganisha intaneti kwa simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe. Huwezi kumwomba mamia ya megabaiti ili apange matokeo ya kidato cha pili. Watu wachache wanajua kwamba Flatpak ina amri ya create-usb, inayokopia programu pamoja na mazingira yake kwenye flashi ili isakinishwe bila mtandao. Hiyo ndiyo sehemu ya Flatpak iliyotengenezwa kwa ajili ya Bonga, hata kama walioitengeneza hawajawahi kuisikia.

Kuhusu snap, njia ya Canonical, wenye Ubuntu, sitasema mengi. Linux Mint waliizuia tangu toleo la 20, mwaka 2020, na upande wa pili mifumo ndugu ya Ubuntu ikaacha kuja na Flatpak kuanzia 23.04. Ugomvi wa wakubwa, na chumba kimoja cha shule kina kompyuta za pande zote mbili. Na wale wa FreeBSD, mfumo huria usio Linux, ambao wana utaratibu wao wa ports tangu 1994, AppImage, Flatpak na snap haziwahusu. Kwao acha msimbo wako ukiwa safi, wenyewe wataupakia. Ni watu wanaojitegemea.

Vijana mnadhani mambo haya yameanza jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Kazi kubwa ile, istilahi zake bado tunazitumia. Lakini toleo linalosimama peke yake pembeni lina adha moja: mwaka uliofuata OpenOffice 2.0 ilitoka, na aliye pembeni inabidi akimbie nyuma yake. Tafsiri yako ya Kiswahili iweke ndani ya programu yenyewe, isiwe kifurushi cha peke yake. Miaka ileile Canonical walikuwa wanatuma CD za Ubuntu bure kwa posta, hadi Aprili 2011 walipoacha. Na hapa jirani, Arusha, kampuni ya Habari Node imewahi kuweka nakala ya ghala la Ubuntu ili watu wa huku wasivute vifurushi kutoka Ulaya. Hao walielewa umbali ni nini.

Mfano wa kuiga upo: Kolibri ya Learning Equality, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, na Kiswahili kimo. Wana deb, wana ya Windows, ya Android, na faili moja ya pex inayokimbia popote penye Python. Masomo yenyewe unayabeba kwenye diski. Wale hawakuanza kwa kuuliza mfumo gani ni bora. Walianza kwa kuuliza mwalimu ana nini mezani.

Vile vikongwe vya biti 32 navyo usivitupe. Ubuntu iliacha kuvitolea diski ya usakinishaji ya desktop mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo imefuata. Debian waliyonayo inatosha kufungua programu yako, ila itabidi uijengee i386. Najua unakunja uso. Kunja, halafu jenga.

Basi naomba hivi. Jenga deb ya amd64 na ya i386 ndani ya Debian 11, rpm moja kwa ajili ya ile Fedora, na AppImage ya akiba. Namba ya toleo ionekane kubwa kwenye dirisha la kwanza, maana kilichokuja kwa flashi hakijisasishi, na mwalimu lazima ajue anacho kipi. Weka vyote kwenye flashi moja, uipeleke stendi ya Magufuli, umpe kondakta wa basi la Babati kama kifurushi, uandike namba yangu ya simu juu yake. Halafu nitumie kwa ujumbe mfupi ile alama ya sha256 ya kila faili, nizihakiki kabla ya kusakinisha. Matokeo ya kidato cha pili yanatakiwa Ijumaa, kwa hiyo ipande basi la Jumanne.

Wako,
Kaka yako