Uhuru Angani na Neno Kughafilika

Wapenzi wa ushairi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Ilizunguka dunia kwa kuambaa ikweta, isivuke nyuzi tatu hivi kaskazini wala kusini. Sisi wa Kibondo, tulio kusini kidogo tu ya njia hiyo, tulipitiwa karibu na utosi mara nyingi kila siku, bila habari.

Njia hiyo ilikuwa na faida. Dunia imezungukwa na mikanda ya protoni na elektroni zilizonaswa na usumaku wake, iliyogunduliwa na James Van Allen mwaka 1958. Juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazili, ukanda wa ndani huinama, na chombo kipitacho hapo hunyeshewa protoni. Kwa kuambaa ikweta, Uhuru iliepuka sehemu kubwa ya mvua hiyo.

Wahandisi huisoma mvua hiyo katika mafaili ya data. Faili la kwanza ni jedwali: nishati ya chembe, na idadi ya chembe zipitazo katika kila sentimita ya mraba kwa sekunde. La pili hutoka maabara, ambako chipu imepigwa kwa mihimili ya chembe ili kupima hukosea kwa kiasi gani. Programu huoanisha mafaili hayo, ikatoa jibu: makosa mangapi yatarajiwe kwa siku.

Kosa lenyewe ni la namna gani? Kumbukumbu ya kompyuta huandikwa kwa 0 na 1. Chembe moja ikipenya chipu huacha chaji njiani mwake, na 0 huweza kugeuka 1. Zipo chembe ziuazo chipu kabisa. Lakini hapa haikuungua. Ukiiandika upya, hufanya kazi kama kawaida.

Nimefundisha fizikia na hisabati Kasulu na Kibondo kwa Kiingereza, kama sekondari inavyotaka, mbele ya wanafunzi waliolelewa kwa Kiha na kusoma msingi kwa Kiswahili. Kwa hiyo hutafuta neno lililopo kabla ya kuunda jipya. Na hapa lipo: kughafilika. Aliyeghafilika hakuumia wala hakupoteza akili. Ameteleza, na akizinduliwa hurejea. Tena neno hilo ni ndugu wa ghafla, kwa mzizi mmoja wa Kiarabu. Basi tumepata mawili kwa moja: kosa lisiloacha jeraha, na lijalo bila hodi. Nalipendekeza jina lake: mghafiliko.

Kinga yake nayo washairi mnaijua. Kompyuta huongezewa biti moja ya ulinzi ili idadi ya 1 katika kila kundi iwe shufwa. Ikigeuka biti moja, idadi huwa witiri, na mashine hutambua. Ndivyo tuhesabuvyo mizani: mshororo wa kumi na sita ukitoa kumi na tano, twajua mnakili ameteleza, hata kabla ya kujua wapi. Lakini zikigeuka biti mbili, hesabu hutimia na kosa hujificha, kama mshororo uliopoteza silabi huku na kuongezewa kule. Ndipo vina husaidia. Na kompyuta za angani nazo huwekewa kanuni zaidi, za kulitafuta kosa lilipo na kulisahihisha.

Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1. Jina la Kiswahili tena. Nachelea tusije tukaishia kwenye majina. Jina hukaa ubavuni mwa chombo. Elimu imo katika vichwa vya safu za jedwali. Mwanafunzi wa Kibondo akikuta hapo nishati, idadi ya chembe na mghafiliko, atajua namba zasema nini kabla hazijamtisha. Malenga, lipimeni neno langu. Likipungua mizani, leteni lililo bora.