Mwandishi wa Baraza la Madiwani

Kila nikiwauliza wanafunzi wangu ni waandishi gani wa habari wanaowaheshimu, hutaja watangazaji wa runinga na wachambuzi wa siasa za kitaifa. Sijasikia hata mara moja akitajwa mwandishi wa baraza la madiwani. Ilhali ni yeye anayemweleza mkazi wa Dar es Salaam kwa nini ushuru wa soko umepanda, nani amepewa zabuni ya kuzoa taka, na kwa nini uwanja wa wazi umezungushiwa ukuta.

Rafiki yangu mmoja aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Aliianza serikali ilipovunja Halmashauri ya Jiji mwaka 1996 na kuikabidhi Dar es Salaam kwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 akaripoti kuundwa kwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye likaja sakata la hisa za Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), kisha uchaguzi wa meya ulioahirishwa mara kadhaa hadi ukafanyika Machi 2016.

Umahiri wake ulikuwa katika kusoma makabrasha. Wenzake waliondoka ukumbini na kauli ya meya. Yeye alibaki akilinganisha taarifa ya fedha na ile ya robo iliyotangulia. Mradi ukitangazwa kuwa mpya, alikumbuka ni kikao gani kilikwisha kuuidhinishia fedha.

Kwa umahiri huo alilipwa kwa kila habari iliyochapishwa, malipo ambayo mara nyingine hayakufidia hata nauli. Waliomwalika kwenye shughuli zao walijua hivyo, ndiyo maana bahasha haikukosekana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilimtaka mwandishi awe na ithibati. Ilivitaka pia vyombo vya habari viwakatie bima wanaovifanyia kazi. Kitambulisho alidaiwa kila mlangoni. Bima hakuwahi kuiona.

Hatimaye akaajiriwa kuwa afisa habari katika halmashauri mojawapo. Simlaumu: ana watoto wanaosoma, na mshahara wa mwisho wa mwezi ni heshima. Lakini tuone tulichopoteza. Februari 2021, Rais Magufuli alipoivunja Halmashauri ya Jiji na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji, lilikuwepo swali la msingi: mali, madeni na mikataba ya chombo kilichovunjwa vinakwenda kwa nani, na kwa utaratibu gani? Aliyeweza kuliuliza kwa kulinganisha na ya 1996 na 2000 alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, akiandaa taarifa kwa umma.

Hivyo ndivyo jiji linavyopoteza kumbukumbu bila gazeti lolote kufungiwa. Anayejua faili zilipo huhamia kwa wenye faili, na nafasi yake hushikwa na kijana anayelipwa vilevile, ambaye naye ataondoka mara tu atakapoanza kuyaelewa makabrasha.

Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi kwa wananchi. Mwanafunzi, nenda ukaketi humo. Mtumishi wa umma, mpe mwandishi kabrasha kabla ya kikao, si baada yake. Nanyi wahariri, mpeni mkataba.