Uhura, Bibi na Chandarua



Juzi baada ya Isha wanangu walinibembeleza tutazame filamu ya zamani kwenye kompyuta. Sisi wa Konyo Konyo tunaoshinda sokoni, tukishafunga duka mwili hautaki ila kulala. Lakini jenereta ilikuwa inawaka bado, nikakubali.

Ilikuwa Star Trek, mfululizo wa Marekani ulioanza mwaka 1966, unaohusu wasafiri wa angani. Sehemu tuliyoitazama inaitwa "The Changeling", nayo ilionyeshwa mara ya kwanza Septemba 29, 1967. Mtambo uitwao Nomad, uliorushwa kutoka duniani, umegongana angani na mtambo wa kigeni, na tangu hapo kazi yake ni kuangamiza kila chenye kasoro. Kinachowasalimisha Kapteni Kirk na watu wake ni kwamba mtambo unamdhania yeye ndiye aliyeuunda.

Ndani ya chombo yumo Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mama huyu Mmarekani Mweusi alifariki mwaka 2022. Aliwahi kutaka kuacha kazi hiyo, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Jina Uhura limetokana na neno letu "uhuru". Basi Nomad unamsikia akiimba, hauelewi kuimba ni nini, unamfuta kumbukumbu zote. Anafundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea. Akikwama, Kiswahili kinamtoka.

"Mama, anasema kama Bibi!" walipiga kelele wanangu, wakacheka. Mimi sikucheka.

Bibi ni mamangu mzazi, tuliyemleta kutoka Mombasa aje kukaa nasi. Watoto wangu wamezaliwa hapa Juba. Nyumbani niliwasemesha Kiingereza ili wafaulu shuleni, na Kiarabu cha Juba wakakiokota mtaani. Kiswahili nikakiweka dukani, kwa wateja na madereva wa malori kutoka Uganda na Kenya. Ajabu ni kwamba Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na lugha ya jumuiya hiyo ilikuwa yangu tangu utotoni, nami nikawanyima wanangu.

Usiku mmoja Bibi alimwomba mjukuu wake amteremshie chandarua. Mtoto hakuelewa. Akaona haya kuuliza, akatikisa kichwa kwa adabu, akaenda kulala. Bibi naye hakutaka kusumbua watu. Baada ya wiki mbili hivi alishikwa na malaria kali. Siwezi kuapa kuwa ni mbu wa usiku ule. Alhamdulillah alipona, lakini nilimfokea mtoto vibaya sana.

Filamu ina kasoro zake. Daktari anasema Uhura atarudi kazini kwa muda wa wiki moja tu, kana kwamba maisha yote ya mtu husomeka kwa siku saba! Kilichoniuma zaidi ni kwamba pale anapofundishwa hakuna hata mmoja anayemjibu kwa Kiswahili. Anaambiwa aseme Kiingereza, basi. Niliwaza jinsi Bibi alivyokaa nyumbani kwangu mwenyewe, akisema na asijibiwe.

Mwishoni Kirk anaushinda mtambo kwa maneno matupu. Anauonyesha kwamba nao umekosea: yeye siye aliyeuunda. Uliokuwa ukihukumu kasoro za wengine unakuta kasoro ni yake, unaangamia. Nikamtazama mwanangu niliyemfokea. Neno "chandarua" ningemfundisha nani, kama si mimi mamake?

Tulipozima kompyuta binti yangu akauliza, "Na sisi tukifutwa, tutabaki na lugha gani?" Nilikosa jibu.

Siku ya pili nilimwomba mwanangu msamaha. Sasa kila siku baada ya Maghrib wanakaa mkekani kwa Bibi, naye anawatolea hadithi na vitendawili kwa Kiswahili kitupu. Wanakosea sana, na Bibi anacheka mpaka anafuta machozi. Chandarua sasa anateremsha yule yule mvulana, na kabla hajaondoka humwuliza, "Bibi, kuna lingine?"

Wazazi wenzangu, msingoje kama nilivyongoja mimi.